Konsetina na Mkono Unaoishika: Historia ya Kitegemeo

Konsetina hupigwa ikiwa mikononi, na mara nyingi haina kingine cha kuibeba. Mpigaji wa kodiani, kama wale waliovuma Kenya katika ngoma ya mwomboko, huitundika ala yake mabegani kwa mikanda. Konsetina haina mikanda ya mabega. Vidole vinabonyeza vitufe, na papo hapo mkono huohuo unabeba uzito, unavuta na kusukuma mivukuto ili hewa ipite kwenye ndimi za chuma zitoe sauti. Ndiyo maana mahali mkono unapokaa pamebishaniwa kwa muda mrefu kati ya wanaotaka paboreshwe na wanaotaka pabaki kama mafundi wa kale walivyopaacha.

Mwingereza Charles Wheatstone, mwanafizikia anayekumbukwa zaidi kwa telegrafu, alipata hataza ya ala ndogo ya kupuliza yenye vitufe mwaka 1829. Kutokana na ala hiyo ilikuja konsetina aliyoiwekea hataza mwaka 1844. Katika aina hii, iitwayo ya Kiingereza, kidole gumba huingia kwenye kitanzi cha ngozi na kidole cha mwisho hukaa chini ya bamba la chuma. Kiganja hakigusi kitu. Vidole vitatu vya kati vinabaki huru kukimbia juu ya vitufe, na wepesi huo ulifaa sana muziki wa kumbi za London, ambako Giulio Regondi alisifika kwa ustadi wake. Gharama yake ni kwamba mzigo wote unaviangukia vidole viwili, kimojawapo kikiwa ndicho dhaifu kuliko vyote. Hata wapigaji wa mwanzo hawakushika kwa namna moja: wapo walioweka pia kidole cha pete chini ya bamba, na wapo waliokitoa hata kile cha mwisho ili kisaidie kupiga. Baadhi ya ala ziliongezewa mkanda wa kifundo cha mkono ili gumba lipumzike kidogo.

Ujerumani njia ilikuwa tofauti. Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz alitoa konsetina yake mwaka 1834, na humo kitufe kimoja hutoa noti moja mivukuto ikivutwa na nyingine ikisukumwa. Mafundi wa London walichukua mpangilio huo wakautia ndani ya kasha la pembe sita la Kiingereza, ndipo ikapatikana aina ya Anglo. Hapa mkanda wa ngozi hupita juu ya mgongo wa mkono kama ukanda wa makubazi unavyopita juu ya mguu, na chini ya kiganja kuna reli ya mbao. Mivukuto ikivutwa, mkanda ndio unaopokea nguvu. Ikisukumwa, reli ndiyo inayopokea. Gumba la kulia hushughulikia kitufe cha kutoa hewa. Mshiko huu una nguvu, na huufaa muziki wa dansi wenye mapigo makali.

Udhaifu wa reli ni kwamba haibadiliki ilhali mikono hutofautiana. Mwenye kiganja kikubwa hulazimika kukunja vidole mno ili afikie safu ya vitufe iliyo karibu na reli. Mwenye mkono mdogo hunyoosha kifundo ili aifikie ya mbali. Akilegeza mkanda, ala inayumba na mivukuto inachelewa kuitikia; akiukaza, vidole vinakosa nafasi. Katika aina nyingine, ziitwazo za dueti, kama ile ambayo John Hill Maccann aliiwekea hataza mwaka 1884, vitufe ni vingi zaidi na umbali wa kufikia unaongezeka.

Vipimo vilivyozoeleka vilitokana kwa sehemu kubwa na uzalishaji wa karakana. Louis Lachenal, Mswisi aliyewahi kumfanyia kazi Wheatstone, alianzisha karakana yake London, nayo ikatoa konsetina kwa wingi, nyingi zikiwa za bei nafuu. Ala za namna hiyo hazikutengenezwa kwa kupima mkono wa mnunuzi mmoja mmoja. Jambo hili halina budi kukumbukwa kila umbo la reli linapotetewa kwa jina la asili.

Hata hivyo watetezi wa asili wana hoja nzito. Konsetina za kale za karakana za Wheatstone na Jeffries zinatafutwa sana, na kutoboa tundu jipya kwenye mbao zake kunaharibu kazi ya fundi ambayo haitarudi. Isitoshe, mtindo wa kupiga umejengwa juu ya mshiko. Katika kaunti ya Clare, Ireland, wapigaji wengi hukaa na kuegemeza upande mmoja wa ala kwenye paja, na namna wanavyoipa midundo pumzi yake inatokana na mkono uliozoea reli na mkanda.

Afrika Kusini inaonyesha sura nyingine ya asili. Konsetina ilipowafikia Wazulu, hawakuipokea kama kitu kisichoguswa. Waliifungua, wakapanga upya sauti zake ili zipatane na muziki wao, na wengine waliipiga huku wakitembea. Huko mapokeo yenyewe yalikuwa kuibadilisha ala.

Maboresho ya sasa huanzia kwenye mambo madogo. Reli huinuliwa au kuinamishwa, kingo zake hulainishwa, na mkanda hufanywa mpana wenye pedi. Brian Hayden wa Uingereza, aliyebuni upya mpangilio wa dueti unaofanana na ule wa Mswisi Kaspar Wicki wa mwaka 1896, alitaka safu za vitufe ziinamishwe kidogo kuilekea reli, kwa sababu vidole vya binadamu havina urefu sawa. Mabadiliko kama hayo hufaa ala mpya. Kwa ala ya kale, njia ya haki ni ile inayoweza kurudishwa nyuma: reli mpya hufungwa kwa skrubu kwenye matundu yaleyale ya zamani, na reli ya awali huhifadhiwa pamoja na mkanda wake ili atakayeirithi ala aweze kuirejesha.