Ulinzi katika Vyuo Vikuu vya Umma nchini Kenya

Ulinzi wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya ni kazi ya kuhifadhi roho, mali na nidhamu katika maskani ya elimu ya juu, ambayo siku za amani huachiwa askari walioajiriwa na chuo, na siku za ghasia hutwaliwa na polisi wa dola.

Askari wa chuo
Hawa huwa chini ya utawala wa chuo, nao aghalabu hawana bunduki. Hukagua vitambulisho na mizigo langoni, na kuzunguka mabweni usiku.

Polisi kuingia chuoni
Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1970, ndicho kilichoonja zaidi mkono wa polisi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo baadhi ya wanafunzi walilishangilia jahara barabarani, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na wanafunzi kadhaa wakatiwa mbaroni. Jumapili ya tarehe 10 Februari 1985, wanafunzi walipokuwa wamekusanyika kwa sala katika uwanja wa michezo, kufuatia kufukuzwa kwa baadhi ya viongozi wao, polisi waliwavamia kwa marungu, maafa ambayo serikali yenyewe ilikiri kuwa yalileta kifo. Tarehe 28 Septemba 2017, wanafunzi walipoandamana kulalamikia kukamatwa kwa mbunge aliyewahi kuwa kiongozi wao, polisi waliingia hata madarasani na mabwenini wakapiga waliokuwamo, waandamanaji na wasioandamana kwa pamoja. Siku chache baadaye chuo kikafungwa. Mwezi Februari 2018 kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano.

Shambulio la Garissa
Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wanne wa Al-Shabaab, kundi la wanamgambo wa Somalia, walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, wakaanza kwa kuwapiga risasi walinzi wa lango, kisha wakawatenga wanafunzi kwa dini zao na kuwaua Wakristo. Watu 148 walipoteza maisha, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kiitwacho Recce, ambacho ilibidi kiletwe kutoka Nairobi, kiliwasili baada ya saa nyingi za mauaji, ilhali kilipofika kiliwamaliza wavamizi kwa muda mfupi, na kuchelewa huko kuliitia serikali lawama kubwa. Hivyo dola ile ile iliyozoea kuwafikia upesi wanafunzi wenye mabango ilikawia kuwafikia waliokuwa wakichinjwa.

Wizi mdogo
Wizi wa simu na kompyuta mabwenini hushughulikiwa kwanza na idara ya usalama ya chuo.

Hali ya sasa
Baada ya Garissa vyuo vingi viliongeza ukaguzi langoni. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena mwezi Januari 2016, kikiwa na kituo cha polisi ndani ya mipaka yake, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.