Mbolezi ya Binyavanga: Ugonjwa, Imani na Kifo katika Filamu ya Majaribio

Wahakiki wengi wameisoma kazi ya Binyavanga Wainaina ya mwaka 2014 kama tamko la haki za binadamu tu. Usomaji huo haukosi msingi, ila unaisahau fani. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo ni mbolezi, na kwamba historia ya sinema ya majaribio kuhusu mapenzi ya jinsia moja nchini Kenya haielezeki vyema pasipo kilio hicho.

Mfano utajwao mara nyingi ni Blue (1993) ya Mwingereza Derek Jarman. UKIMWI ulikuwa ukimnyang'anya uwezo wa kuona; naye akaiondoa picha kabisa, akabakisha rangi ya buluu na sauti kwa zaidi ya saa nzima. Alifariki Februari 1994. Hapo fani ilizaliwa na mwili mgonjwa.

Kwa Binyavanga, kilichokosekana ni buriani. Mamake alifariki mwaka 2000, mwana akiwa Afrika Kusini. Katika insha aliyoitoa Januari 2014, anajibunia yuko kando ya kitanda cha mgonjwa, akimfunulia siri ambayo marehemu hakuwahi kuisikia. Mwimba mbolezi naye humsemesha marehemu hivyo hivyo, ana kwa ana. Siku chache baadaye ikatoka video ya sehemu sita, We Must Free Our Imaginations. Video hiyo ilirithi usemi wa insha: mtu mmoja na kamera, akiilaumu elimu na mahubiri ya kilokole kwa kuzifunga fikra. Tarehe 1 Desemba 2016 alitangaza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Kiharusi kilikuwa kimekwisha kuutatiza usemi wake, yaani chombo kile kile alichokitegemea katika video. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 48.

Filamu zilizokuwa na wahusika na mandhari hazikusalimika. Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na wenzake, visa vitano vya rangi nyeusi na nyeupe, ilipigwa marufuku mwaka 2014. I Am Samuel ya Peter Murimi, ambamo mwana anakabiliana na imani ya wazazi wake kijijini, ilifuata mwaka 2021. Bodi ya kuainisha filamu ilidai inaudhalilisha Ukristo. Dola, basi, ilikopa lugha ya madhabahu. Marufuku ya aina hiyo humfanya mhadhiri aliyeko Manyatta, Embu, awasimulie wanafunzi filamu kwa mdomo: sinema imerudi kuwa fasihi simulizi, ingawa si kwa hiari yake.