Daftari la Baba na daftari la Sontonga

Baba alistaafu ualimu mwaka 2018, akalima mahindi misimu miwili pale nyumbani Sitalike, halafu siku moja akanitumia ujumbe: "Mama, ukija niletee kaunta buku moja kubwa, penseli mbili na ufutio." Nikajua anataka kuandika mahesabu ya shamba. Nikanunua Mpanda mjini, nikapanda gari jioni.

Kwa wasiopajua, Sitalike ni kijiji kilichopo mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita kama 35 kusini mwa Mpanda kwenye barabara ya kwenda Sumbawanga. Kiangazi ukisimama darajani kwenye Mto Katuma unawaona viboko wamebanana kwenye tope kama magunia. Usiku wanaguna, na mtu aliyekulia pale hawasikii tena. Baba amekulia pale. Lakini asubuhi ile nilimkuta kibarazani ameinamisha kichwa, anawasikiliza viboko huku anagonga meza kwa kidole. Akasema bila kuniangalia, "Hawa jamaa wanaingia kwenye pigo la tatu." Mbele yake kulikuwa na karatasi za nyuma ya kalenda, zimejaa herufi: d, r, m, s.

Mzee alikuwa anatunga. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1991.

Huo mwaka naujua kwa hadithi tu, maana nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuwa na daftari lenye nyimbo 41 za kwaya alizotunga tangu alipotoka chuo cha ualimu. Zote kwa sauti nne, zote kwa mwandiko wake. Mwalimu wa kwaya kutoka kwingine, ambaye simtaji, alikuja kuliazima "kwa wiki moja, nakopi tatu nne halafu narudisha". Halikurudi. Baba alilifuata mara mbili kwa baiskeli. Mara ya pili akaambiwa limeazimwa na mtu mwingine tena. Akarudi nyumbani, akaendelea kufundisha, akalima, akatusomesha. Kwaya aliendelea kuimba, besi, mstari wa nyuma. Kutunga akaacha.

Nimekuwa nikijiuliza daftari moja linawezaje kumnyamazisha mtu miaka ishirini na tisa. Jibu nilianza kulipata nilipofuatilia historia ya hizo herufi zenyewe.

Zilianzia mbali. Karne ya 19 mjini Norwich, Uingereza, mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover alibuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi badala ya zile nukta za kwenye mistari mitano. Mwaka 1841 mchungaji kijana, John Curwen, alipewa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kuimbisha watoto wa shule za Jumapili. Akaichukua ya Glover, akairekebisha, akaieneza. Ndiyo hii tunayoiita sol-fa. Juu ya ukurasa unaandika "Do = G", kisha herufi zinafuata. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inaligawa pigo, kistari kinaivuta sauti. Basi. Huhitaji karatasi maalumu wala kinanda. Ukiwa na daftari la shule na penseli, kwaya nzima umeiweka mfukoni.

Ndiyo maana wamisionari waliipenda, na ndiyo maana iliishika Afrika. Inapigwa kwa taipureta ya kawaida, inakatwa kwenye stensili, inadurufiwa. Watoto wa maskini wa viwandani Uingereza na watoto wa shule za misheni Afrika Kusini walisoma herufi zilezile.

Mmoja wa waliozisoma ni Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, kiongozi wa kwaya, na mpiga picha kwa saa zake za ziada. Mwaka 1897 alitunga wimbo mmoja kwa ajili ya wanafunzi wake, akauandika kwa sol-fa. Alifariki mwaka 1905, akiwa na miaka thelathini na kitu. Mwaka 1912 wimbo ule uliimbwa kwenye mkutano wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, tuliusimamia kwa maneno ya Kiswahili: Mungu ibariki Afrika. Kila asubuhi ya shule, mimi na wewe msomaji tumemuimba mwalimu huyu bila kumjua jina.

Sasa sikiliza hili. Sontonga naye alikuwa na daftari. Aliandika nyimbo zake kwenye daftari la shule, na walimu wengine wa kwaya walikuwa wakija kuliazima. Liliendelea kuazimwa hata baada ya kifo chake, mwisho likabaki kwa ndugu mmoja wa ukoo, bibi aliyependa ngumi kiasi kwamba watu wa Soweto walimwita Boxing Granny. Mwaka 1996 serikali ya Mandela ilipolitangaza kaburi la Sontonga pale Braamfontein kuwa urithi wa taifa, bibi yule alifariki kipindi kilekile, na daftari halikuonekana. Halijaonekana mpaka leo. Wimbo mmoja umebeba mataifa, nyingine zote za mule zimekwenda na karatasi.

Nilimsomea baba habari hii. Alikaa kimya, akamenya karanga mbili tatu. Kisha akasema, "Kumbe wanaazima kila mahali." Akacheka. Na mimi nikacheka, lakini nilimwona.

Mtu anaweza kuuliza, mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu alikuwa anatunga nyimbo 41 za nini? Hilo nalo lina historia yake. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walifika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1885, wakaipokea ngome iliyoachwa na Wabelgiji. Misa ilikuwa ya Kilatini. Nyimbo za Kiswahili zilikuwepo, ila nyingi zilivaa tuni za Ulaya, maneno yetu yakilazimishwa kukanyaga mahali ambapo Kiswahili hakikanyagi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia, ikaruhusu lugha za wenyeji na ikataka muziki wa wenyeji upewe heshima. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka uliofuata, Roma ilipowatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, ilisikika oratorio ya Mganda Joseph Kyagambiddwa.

Mlango ukafunguka, na ghafla Misa nzima ikahitaji nyimbo mpya: za mwanzo, za matoleo, za komunyo, za shukrani, za Kwaresima, za Pasaka. Nani atazitunga katika vigango vyote vya nchi hii? Mapadre hawakutosha. Waliobaki ni walimu wa shule za msingi, watu waliokuwa na sol-fa chuoni na kwaya kijijini. Baba ni mmoja wa jeshi hilo. Alianza kutunga mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati sabuni na sukari ni za foleni na daftari lenyewe ni mali. Alikuwa akiandika pande zote mbili za karatasi, na pembeni pia. Kopi ya pili ingetoka wapi? Kwa hiyo daftari lile liliondoka na kila alichokifanya kwa miaka kumi, kasoro kilichobaki vichwani mwa watu.

Sasa nirudi kibarazani. Nilimuuliza kwa nini ameanza tena. Alinijibu kwamba hajui, usingizi wa alfajiri umekwisha na mahindi hayaamki saa kumi. Nikamuuliza nyimbo mpya atampa nani. "Simpi mtu. Natunga."

Jibu hili lilinikera kidogo, mimi ambaye kila ninachoandika lazima kitoke kesho yake. Lakini baba hayuko peke yake kwenye ukaidi huu. Gioachino Rossini, Mwitaliano aliyekuwa mtunzi wa opera maarufu kuliko wote Ulaya, alitoa opera yake ya mwisho mwaka 1829 akiwa na miaka 37, akaacha. Hakuandika opera nyingine mpaka alipofariki mwaka 1868. Ila uzeeni, nyumbani kwake Paris, alianza kutunga tena vipande vidogo vidogo, zaidi ya 150, akaviita dhambi za uzeeni. Vilipigwa Jumamosi sebuleni kwake mbele ya wageni, na hakutaka vichapishwe. Tofauti ni kwamba Rossini aliacha akiwa tajiri mwenye jina. Baba aliacha akiwa na baiskeli. Kilichowarudisha naona kinafanana: hakuna Jumapili inayosubiri, hakuna wa kumpendeza.

Kilichofuata sikukipanga. Krismasi ya mwaka ule niliingia ibada moja Mpanda mjini, kwaya ikaimba wimbo wa matoleo ambao mama huwa anauimba akipepeta mchele. Nikaomba kuona karatasi. Juu kulia, pale panapoandikwa jina, paliandikwa "Mtunzi hajulikani".

Ndugu zangu, damu ilinichemka. Mimi ni mwandishi wa habari, tayari nilishaona kichwa cha habari. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Na tunajua wimbo usio na karatasi unavyogombaniwa. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, na mpaka leo wapo wanaosema ni wa Fadhili William wa Kenya na wapo wanaoapa ni wa Adam Salim wa Tanganyika. Nilifika nyumbani nimejaa hoja.

Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Wimbo unaimbwa?"

"Unaimbwa, baba, lakini..."

"Besi wanaiimbaje pale kwenye 'pokea'?"

Nikamwimbia nilivyosikia. Akakunja uso. "Wameiharibu. Leta daftari."

Usiku ule, kwa taa ya sola, alianza kuiandika upya. Tatizo likajitokeza palepale: alikuwa anaikumbuka besi peke yake, maana ndiyo aliyoiimba miaka yote. Mama akaitwa kutoka jikoni. Alikuwa sauti ya kwanza, akaitoa yote bila kusita, huku bado ameshika mwiko. Sauti ya tatu tuliipata kwa jirani, mzee ambaye hasikii vizuri lakini akianza haachi. Sauti ya pili haikupatikana. Walioiimba kigangoni wamefariki au wamehama, mmoja wao ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika mwezi ule.

Tangu hapo tumefufua nyimbo tisa kati ya 41. Nyingine baba anakumbuka kichwa cha wimbo tu, nyingine hata hicho hana. Hapo ndipo nilipolielewa swali langu la miaka ishirini na tisa. Sol-fa inahifadhi sauti nne kwa pamoja. Mtu mmoja hawezi, anahifadhi yake. Lilipopotea daftari, baba alibaki na robo ya kila alichotunga, na robo ile ilikuwa inamkumbusha zile tatu kila Jumapili.

Kwa sauti ya pili ameamua kutunga upya. Nilimwambia labda tuendelee kutafuta, pengine iko kwenye karatasi ya mtu. Akakataa. "Ile imekwenda. Hii ni ya sasa, na ni nzuri zaidi, wakati ule sikujua kuandika alto." Anaiandikia sauti yangu, kwa sababu ndiyo iliyopo. Kila nikija Sitalike ninakuta kurasa mbili tatu zinanisubiri, na ninapozikosea anagonga meza.

Kitu kimoja tu nilishinda. Kila ukurasa ukikamilika ninaupiga picha kwa simu na kuutuma kwa wadogo zangu wote, na kabla sijapiga ninamsimamia mpaka aandike juu kulia jina lake, tarehe, na neno Sitalike. Mwanzoni aliona ni majivuno. Siku hizi anaandika bila kuambiwa, kwa mwandiko uleule wa ubaoni.

Juzi jioni alikuja kijana, mwalimu wa kwaya, shikamoo nyingi, akaomba aliazime daftari kwa wiki moja. Mama na mimi tuliangaliana. Baba alinyanyuka, akamletea kiti, akamwekea na penseli. "Kaa hapahapa unakili," akamwambia. "Chai inakuja."