Shamba la urithi kugeuzwa makao ya wasanii

Si ajabu mtu aliyeachiwa shamba na wazazi kutamani kujenga vyumba vichache chini ya miti, ambamo waandishi, wachoraji na wanamuziki watakaa kwa majuma kadhaa wakitunga bila bughudha. Mshairi wa Marekani, Edna St. Vincent Millay, alipofariki mwaka wa 1950, shamba lake la Steepletop katika jimbo la New York lilibaki mikononi mwa dadake, Norma. Mnamo 1973 Norma alianzisha hapo makao ya wasanii.

Lakini Norma ndiye dada pekee aliyekuwa amesalia. Hapa Kenya warithi huwa wengi, na mara nyingi hatimiliki ingali na jina la marehemu baba, pengine hata la babu. Anayejenga au kukodisha shamba la aina hiyo bila idhini ya mahakama anaingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinampa adhabu ya faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Faini hiyo ni ndogo. Hasara kubwa ni kuona majengo yako yakiangukia fungu la ndugu mwingine.

Kwa hivyo mirathi hutangulia matofali. Ombi la usimamizi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Cheti kikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mahakama kuthibitisha ugavi. Pasipo wasia, sheria hii haibagui kati ya mabinti na wana wa kiume, hata mabinti walioolewa, na hapo ndipo ugomvi huzukia. Waislamu hufuata sheria yao, ambapo fungu la binti ni nusu ya lile la kaka yake.

Kisha kuna idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na ya Bodi ya Ardhi iwapo shamba la kilimo litagawanywa au kukodishwa.

Kwa maoni yetu, afadhali shamba lisikatwe vipande, bali liwekwe chini ya wadhamini waliokubaliwa na warithi wote. Yaandikwe mapema mambo ambayo jamaa huona haya kuyataja: nani atachuma kahawa iliyomo, mapato yatagawanywaje, na iwapo familia itaendelea kuzika wafu wake hapo wageni wakiwamo.