Waliofika Ndio Huandikwa

Mimi nilidhani historia ya viini vya atomu ni mabomu tu. Kumbe iko nyingine, ya kimya.

Mwaka 1921, mjini Berlin, Otto Hahn alikuta viini vya aina moja, uzito na chaji sawa kabisa. Lakini baadhi vilipungua nusu kwa dakika moja na ushee, vingine kwa karibu saa saba. Jibu lilikuja 1936: Carl Friedrich von Weizsäcker alieleza kwamba kiini kinaweza kukwama na nishati ya ziada. Hiyo ndiyo isomeri.

Leo, kule Darmstadt, ayoni nzito hugongeshwa kwenye bamba, zikavunjika. Vipande hukimbia mita 70 hivi kati ya sumaku, vikatambuliwa kimoja kimoja, kisha vikasimamishwa. Hapo vigunduzi husubiri mwale wa gama. Ukitoka punde tu baada ya kiini kutua, isomeri imenaswa.

Safari yenyewe haifiki hata sehemu ya milioni ya sekunde, na bado kuna zinazoishia njiani. Hizo kigunduzi cha mwisho hakizioni. Nyingine huokolewa na uchi wao: zikivuliwa elektroni zote, njia moja ya kumwaga nishati hufungwa, zikadumu hadi mwisho.

Tangu nijue hilo, nikisoma orodha yoyote ya kale huuliza: nani hakufika?