Vitabu Vitatu na Moto Mmoja

Mwanafunzi aingiapo katika maktaba huona vitabu vimepangwa kwa aina zake: vya historia katika rafu hii, vya ujenzi katika rafu ile, na vya mapishi mbali kabisa, kana kwamba havina udugu wowote. Mpango huo huturahisishia kazi ya kutafuta, lakini waweza kutupotosha pia. Tukidhani kwamba mambo ya kale yamo katika rafu ya historia peke yake, tutajua yaliyotokea pasipo kufahamu kwa nini yalitokea. Na asiyefahamu sababu huwa mwepesi wa kumtwika mwenziwe lawama. Kisa cha moto mkubwa ulioteketeza jiji la London mwaka wa 1666 chatuonyesha hasara ya jambo hilo.

Tuanze na kitabu cha historia. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba, moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate mmoja, Thomas Farriner, katika kichochoro kiitwacho Pudding Lane. Farriner na watu wake waliponyoka kwa dirisha la juu wakaingia nyumba ya jirani. Mtumishi wao wa kike aliogopa kuifuata njia hiyo, akafa. Meya wa jiji, Thomas Bloodworth, aliitwa, lakini akasitasita kutoa amri ya kubomoa nyumba ili kuukatia moto njia. Kwa muda wa siku nne moto ukala nyumba zipatazo 13,200, makanisa 87 ya mitaa, na kanisa kuu la St Paul's. Wauza vitabu wa jirani walikuwa wameziweka bidhaa zao chini ya kanisa hilo, wakitumainia kuta zake za mawe. Paa likaporomoka, na vitabu vikawa majivu.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakipigana vita na Waholanzi na Wafaransa, na chuki za dini zilikuwa nyingi. Basi fununu ikaenea kwamba wageni ndio waliouwasha moto, na wengi wakapigwa njiani. Fundi wa saa mmoja, Mfaransa aitwaye Robert Hubert, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha. Maneno yake yalipingana, na hata waliomhukumu walitilia shaka akili zake. Lakini alikuwa amekiri, na watu walitaka kupata wa kulaumiwa. Farriner mwenyewe na wanawe walikuwa miongoni mwa walioitia sahihi hati ya mashtaka. Hubert akanyongwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Baadaye nahodha wa meli iliyomleta alieleza kwamba Hubert hakushuka nchi kavu mpaka siku mbili baada ya moto kuanza!

Sasa tufungue kitabu cha kuoka mikate. Tanuri la siku zile lilikuwa chumba kidogo cha matofali chenye kuba, na kuni zilichomwa mle mle ambamo mikate ingeokwa. Matofali yakiisha kushika moto, mwoka mikate hukokoa makaa na majivu, hupangusa sakafu kwa tambara la maji, kisha huingiza mikate na kuuziba mlango. Mikate haiokwi kwa ndimi za moto, bali kwa joto lililokaa ndani ya matofali. Kwa hiyo tanuri hubaki na joto kwa saa nyingi baada ya kazi kwisha, na kaa lililofunikwa na majivu huonekana limekufa, kumbe li hai. Farriner alishikilia kwamba alikuwa ameukagua moto wake kabla ya kulala, akaona hakuna hatari. Yamkini aliamini hivyo kweli. Lakini kila aliyewahi kufanya kazi ya tanuri ajua jinsi majivu yanavyodanganya.

Hata hivyo, kaa moja haliteketezi jiji zima. Hapa ndipo tunapohitaji kitabu cha tatu, cha ujenzi. Nyumba nyingi za London zilikuwa za mbao, na njia zilikuwa nyembamba. Aghalabu kila ghorofa ilitokeza mbele kuliko ile iliyo chini yake, hata vilele vya nyumba zilizoelekeana vikakaribia kugusana. Kiangazi kilikuwa kikavu, upepo mkali ulivuma kutoka mashariki, na kando ya mto Thames palikuwa na maghala ya mafuta na lami. Jiji la namna hiyo lilikuwa mithili ya kuni zilizokwisha kupangwa, zikingojea cheche tu. Mwaka wa 1667 ilitungwa sheria kwamba kuta za nje zijengwe kwa matofali au mawe, na njia zipanuliwe. Kwa sheria hiyo wakubwa walikiri kwa vitendo kwamba adui alikuwamo ndani ya kuta zao wenyewe.

Lakini lawama hazikwisha upesi. Nguzo ya mawe yenye urefu wa futi 202, sawa na umbali wake mpaka mahali palipokuwa na tanuri lile, ilijengwa kuwa ukumbusho. Mwaka wa 1681 yalichongwa juu yake maneno ya kuwashtaki Wakatoliki. Yakafutwa, yakarudishwa, na hayakuondolewa kabisa mpaka mwaka wa 1830. Majumba ya London yalikuwa yamekwisha kujengwa upya zamani, na kanisa la St Paul's limesimama tena kwa kazi ya Christopher Wren; uongo nao ulikuwa bado umesimama juu ya jiwe.

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Kitabu kimoja cha historia kingetuachia jina la mtu aliyenyongwa, nasi tungeliamini. Basi wewe msomaji, siku utakaposoma kwamba msiba fulani uliletwa na taifa fulani au kabila fulani, usikifunge kitabu hicho na kuridhika. Inuka, uende katika rafu nyingine, uulize kuta zilijengwa kwa nini, na moto uliachwa na nani.