Halab na Nyimbo Zilizotoka Salama
Mwishoni mwa Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuigawa Palestina. Siku chache baadaye ghasia zikazuka Aleppo, mji wa kaskazini mwa Syria ambao Waarabu wanauita Halab, na Sinagogi Kuu likachomwa moto. Humo, ndani ya kasha la chuma, ndimo ilimokuwa nakala mashuhuri ya Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa Tiberia katika karne ya 10 na kutunzwa Halab kwa zaidi ya miaka 500. Ilipofikishwa Jerusalem kwa siri mwaka 1958, karibu Torati yote ilikuwa imepotea. Wengi wanaoandika habari za Wayahudi wa Halab huishia hapo. Mimi naamini walikuwa na hazina nyingine kubwa zaidi, na hiyo haikuwahi kufungiwa kasha.

Majira ya baridi, kuanzia baada ya Sikukuu ya Vibanda hadi Pasaka inapokaribia, usiku wa kuamkia Jumamosi ulikuwa usiku wa kukatiza usingizi. Wanaume waliamka usiku wa manane, wakawashika mkono watoto wao wa kiume, wakapita vichochoroni kwenda sinagogini kuimba bakashoti, yaani mashairi ya kumwomba na kumsifu Mungu, hadi wakati wa sala ya asubuhi. Sheria ya Sabato inakataza kupiga ala, kwa hiyo hapana udi wala kanuni. Ni makoo matupu. Waimbaji hugawanyika makundi mawili wakapokezana beti. Wimbo ukimalizika, mtu mmoja mwenye sauti nzuri huchukua mstari wa Zaburi na kuughani peke yake, bila mapigo, akiihamisha sauti kidogo kidogo kutoka maqamu (mfumo wa sauti katika muziki wa Kiarabu) ya wimbo uliopita mpaka maqamu ya wimbo unaofuata. Hapo ndipo fundi anapojulikana, kwa kuwa pale atakapotua ndipo kundi zima litakapoanzia. Watoto nao hupewa beti zao. Ndivyo walivyojifunza, ubavuni mwa baba, usingizi ukiwalemea.

Chanzo cha nyimbo hizi ni cha zamani. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, wengi walikimbilia miji ya mashariki ya Mediterania, Halab ukiwemo. Walikuja na ushairi wa Kiebrania wa Andalusia, ambao wenyewe ulikuwa umejifunza mizani kwa Waarabu. Karne iliyofuata akatokea rabi Israel Najara, ambaye siku zake za mwisho aliziishia Gaza. Kitabu chake cha mashairi kilichapwa Safed mwaka 1587, kikiwa kimepangwa kwa maqamu, na mashairi mengi yalitajiwa wimbo wa Kituruki, Kiarabu au Kihispania ambao sauti yake ndiyo ya kuimbia. Wapo marabi waliomshutumu kwamba anapeleka nyimbo za mitaani mbele za Mungu. Hofu yao naielewa, lakini waumini walishaamua: shairi lake la Kiaramu, Yah Ribon, huimbwa mezani siku ya Sabato na Wayahudi wa Yemen na wale wa asili ya Ulaya Mashariki vilevile.

Majina ya maqamu hayo si mageni kwa wanamuziki wa taarabu ya Zanzibar: Rast, Bayati, Saba, Hijaz. Watu wa Halab waliyaingiza ndani ya sala yenyewe. Kila Sabato ina sehemu yake ya Torati, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua kiongozi wa sala ataimba kwa maqamu gani. Kitabu cha Mwanzo kinapofunguliwa, ni Rast. Juma la kufa kwa Sara ni Hijaz, sauti ya msiba. Panapotajwa tohara ni Saba. Penye furaha na harusi, Ajam. Maneno ya sala ni yaleyale juma hadi juma, ila msikilizaji mzoefu huweza kuhisi somo la siku kabla halijasomwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 mji huo ulikuwa na mshairi kipofu, Raphael Antebi, maarufu kwa jina la Tabush. Aliwasikiliza waimbaji wa Kiarabu, akainasa sauti yote kichwani, kisha akaitungia maneno ya Kiebrania, mara nyingine akichagua yale yenye mlio wa karibu na ya Kiarabu. Mwanafunzi wake, Moses Ashear, alihamia New York mwaka 1912. Huko alitunga nyimbo za harusi na tohara huku akisuka majina ya wenye shughuli ndani ya beti. Zanzibar nako kazi ya namna hiyo ilifanyika: Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kilianza na nyimbo za Kiarabu, na baadaye sauti za Misri zikavishwa Kiswahili.

Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 kuliua biashara ya misafara iliyoilisha Halab, na Wayahudi wakaanza kuhama: Cairo, Manchester, Buenos Aires, Mexico City, New York. Waliokwenda Jerusalem walijenga sinagogi la Ades mwaka 1901, na bakashoti zinaimbwa humo hadi leo kila majira ya baridi. Waliokwenda Brooklyn, New York, walizipa sala zao sauti za waimbaji wa Misri Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, na hata vita vya Waarabu na Israel vya 1948 na 1967 havikuwafanya waziache. Jambo hili linanigusa kuliko yote.

Jumuiya ya Halab kwenyewe ilikwisha katika miaka ya 1990, Syria ilipowaruhusu waliosalia kuondoka. Rekodi za nyimbo zao zinapatikana mtandaoni. Msomaji uliyelelewa na taarabu, usizuiwe na Kiebrania usichokijua: tafuta bakashoti za Halab, anza na Hijaz.